Siku Samaki wa Kupaka Alipogeuka Halua

Kitabu hiki cha mwaka hutunza habari za arusi, za watoto waliozaliwa, za waliohitimu masomo na za wenzetu waliotutangulia mbele ya haki. Habari za chakula hazina ukurasa wake, kwa sababu chakula kizuri huliwa kikasahauliwa. Lakini chakula kikiharibika mbele ya watu 60, kando ya bahari, mbali na jiko la mwenyewe, hakisahauliki upesi. Tangu safari ile ya Galveston, hakuna arusi wala hitima katika Dallas, Fort Worth au Houston ambayo mtu hakuuliza, sahani ikifika mbele yake, "Tui hili limesomwa?" Wageni kutoka majimbo mengine hudhani kwamba kisomo kimefanywa jikoni. Kwa hiyo imeonekana vema habari hii iandikwe kama ilivyokuwa, ili waliokuwapo wacheke tena, na wasiokuwapo wajue wenzao wanacheka nini.

Njia ya kwenda pwani

Kwa ndugu zetu wasioijua Texas, ni lazima kwanza tueleze njia. Kutoka Houston hadi Galveston ni kama maili 50, safari ya saa moja. Kutoka Dallas ni kama maili 290, na wale wa Fort Worth huongeza maili 30 nyingine kabla hata ya kufika Dallas. Barabara ni ile kuu nambari 45, ambayo huanzia Dallas na kuishia kisiwani penyewe. Watu wa kaskazini huondoka kabla ya alfajiri, watoto wakiwa bado wamelala viti vya nyuma. Huamka karibu na Huntsville, mahali iliposimama sanamu nyeupe ya Sam Houston, yenye urefu wa futi 67, iliyozinduliwa mwaka 1994. Wakiiona sanamu hiyo hujua kwamba zaidi ya nusu ya njia imekwisha, na ndipo huanza kudai chakula.

Galveston ni kisiwa chembamba, urefu wake kama maili 27. Tarehe 8 Septemba 1900 kilipigwa na kimbunga kilichoua watu wanaokadiriwa kuwa 8,000, na baada ya msiba huo wenyeji walianza, mwaka 1902, kujenga ukuta wa kuzuia bahari ambao leo una urefu wa maili 10 hivi. Ni hapo hapo Galveston, tarehe 19 Juni 1865, ilipotangazwa amri kwamba watumwa wa Texas wako huru. Siku hiyo imekuwa sikukuu ya taifa zima la Marekani tangu mwaka 2021, na safari yetu hufanywa siku za karibu nayo, kwa kuwa wengi hupata ruhusa kazini.

Maji ya bahari ile si ya buluu. Mito mikubwa, na Mississippi ukiwa mmoja wao, huteremsha matope, na mkondo huyasukuma kuelekea Texas. Aliyekulia Tanga au Mombasa huyatazama mara mbili kabla ya kuvua viatu. Lakini chumvi ni chumvi na wimbi ni wimbi. Mtu aliyekaa miezi kumi baina ya barabara za lami na maegesho ya magari hana sababu ya kuchagua rangi.

Bi Mkubwa aketishwa kitini

Mwaka ule tulikuwa na mgeni wa heshima, mama mmoja mzee wa Tanga aliyekuja kukaa na binti yake Fort Worth. Sote tulimwita Bi Mkubwa, na hapa pia tutamwita hivyo. Alikuwa amefika wakati wa baridi, na alikuwa amekaa miezi mingi ndani ya nyumba ya ghorofa, akitazama maegesho kupitia dirishani. Siku za mwanzo alijaribu kupika. Alikaanga samaki, kengele ya moshi ikalia, majirani wakatoka nje na watoto wao, na tangu siku hiyo binti yake akamwomba asiliguse jiko. Maneno yalisemwa kwa adabu na kwa mapenzi. "Wewe pumzika, mama. Umefanya kazi ya kutosha maishani." Bi Mkubwa akapumzika. Waliomtembelea walisema kwamba kila mwezi alikuwa akizungumza maneno machache zaidi.

Alipofika Galveston na kuona miti mirefu iliyopandwa kando ya barabara ya ukutani, alisimama akatazama juu, akauliza, "Hii mbona haina nazi?" Akaelezwa kwamba ile si minazi, ni jamaa zake tu, kwa sababu mnazi hauwezi baridi ya huku. Hata hiyo iliyopo haina salama, maana barafu ya Februari 2021 iliua mingi. Bi Mkubwa akaitikia kwa kichwa. "Basi ni miti ya kupigia picha," alisema.

Akafunguliwa kiti cha kitambaa chini ya mwavuli, akaletewa maji baridi, akawekwa mahali penye upepo mzuri, mbali na majiko. Kila aliyepita alimwamkia, "Shikamoo, Bi Mkubwa," naye akajibu marahaba. Hakuna aliyempa kisu wala kitunguu. Hiyo ilikuwa heshima, na ndiyo iliyogharimu chakula.

Maneno yaliyobadilishana viti

Kazi zilikuwa zimegawanywa kama kawaida. Watu wa Houston walileta mkaa, majiko ya gesi na samaki, wale wekundu wa Ghuba wanaofanana na changu wa kwetu, walionunuliwa asubuhi huko Pier 19 ambako boti za uvuvi hufunga. Watu wa Dallas na Fort Worth walileta mchele, viungo na tui la makopo. Ndugu zetu wa Kongo, wa Houston na wa Dallas, walikuwa na turubai lao na vyungu vyao, hatua 30 hivi kutoka kwetu.

Tui lilikabidhiwa kijana mmoja wa chuo, mzaliwa wa Arlington. Kijana huyu ni mtiifu, anajua Kiswahili, na hakufanya mzaha na kazi aliyopewa. Mpishi mkuu, mama yule anayepika arusi nyingi za upande wa kaskazini, alimpigia simu akamwagiza makopo 12. "Nataka tui zito, mwanangu, si lile jepesi. Lile zito kama krimu." Kijana akaingia duka moja kubwa la njiani, akayafasiri maneno yale kwa Kiingereza neno kwa neno, akatafuta, akakuta makopo yenye picha ya nazi iliyopasuliwa, na maandishi yanasema "cream of coconut". Akayahesabu 12, akalipa, akaendelea na safari akiwa na raha ya mtu aliyetimiza amana.

Sasa, ndugu msomaji, sikiliza hila ya lugha ya wenyewe. Kopo linaloandikwa "coconut cream" ndilo tui zito, mfano wa kasimele yetu, lile linalokamuliwa kwanza. Kopo linaloandikwa "cream of coconut" ni nazi iliyochanganywa na sukari nyingi mpaka ikawa nzito na yenye kunata. Maneno ni yale yale, yamebadilishana viti tu. Kitu hicho kilibuniwa katika kisiwa cha Puerto Rico, katikati ya karne ya 20, na mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Ramón López Irizarry, aliyetaka kuwapunguzia watu taabu ya kukamua nazi kwa mikono. Leo hutumika zaidi katika kinywaji kiitwacho piña colada. Hakuna mahali popote duniani ambapo hupakwa samaki.

Ukilinganisha, Kiswahili kinamhifadhi mtu. Tunda lile lile huitwa kidaka likiwa changa kabisa, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, na likikomaa ndipo huitwa nazi. Ikikosa nyama ndani huitwa joya. Ikikunwa na kukamuliwa hutoa tui, na linalobaki ni chicha. Kila hali ina jina lake, na hakuna jina linaloweza kugeuzwa nyuma mbele likawa sukari. Lakini majina hayo hukaa vinywani mwa watu walioyatumia, na siku ile mtu aliyeyajua yote alikuwa amekaa chini ya mwavuli.

Harufu ya arusi

Makopo yalifunguliwa na vijana wanne kwa haraka, katikati ya upepo na moshi, na kumiminwa katika sufuria mbili za wali na katika karai la mchuzi wa kupakia. Mpishi mkuu alikuwa na samaki mikononi. Walikuwa wamepasuliwa, wametiwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, nao walikuwa wamekwisha kuchomwa upande mmoja, kazi nzuri isiyo na lawama. Alipochovya brashi katika karai na kuwapaka, moshi mweupe ulipanda, na upepo ukaupeleka pwani nzima. Haikuwa harufu ya samaki. Ilikuwa harufu ya halua.

Watoto waliokuwa majini walitoka wenyewe bila kuitwa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Samaki wakaanza kung'aa kama waliopakwa rangi ya mlango, kisha wakawa kahawia, kisha, kabla ya mtu kupata koleo, wakawa weusi, kwa maana sukari juu ya mkaa haina subira. Upande wa pili sufuria za wali zilianza kutoa sauti ya kupasuka-pasuka. Mfuniko ulipoinuliwa, wali wa juu ulikuwa mweupe na mzuri wa kutazama, lakini mwiko ulipoingia haukutoka. Chini palikuwa na ukoko mgumu mweusi kama lami ya barabara nambari 45.

Ilibidi mtu aonje, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Ndipo kwa mara ya kwanza siku ile akakumbukwa Bi Mkubwa, akapelekewa kipande cha samaki katika sahani, pamoja na wali kidogo. Alikula tonge moja, akatafuna polepole, akamtazama mpishi mkuu.

"Mwanangu," akasema, "samaki huyu mmempika au mmemposa?"

Kijana wa Arlington alikuja mbio na kopo mkononi akitetea maandishi yake. Bi Mkubwa akalipokea, akatia kidole, akaramba. "Hili si tui. Hii ni shira. Kwetu twaimwagia kaimati."

Pakawa kimya. Mpishi mkuu alikuwa ameinamisha uso, na wengi walidhani analia. Ilikuwa haki yake, kwani samaki wale walikuwa 14 na bei yake si ndogo, na watu 60 walikuwa na njaa. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa mchangani, na hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Shakwe wa pwani ile, wale wenye kichwa cheusi ambao hata jina lao la Kiingereza maana yake ni wachekaji, waliteremka makumi kwa makumi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kipande kimoja kilinyakuliwa mikononi mwa mtoto, na huyo shakwe hakukirudisha.

Chungu cha jirani

Hapa inafaa tuseme jambo ambalo halichekeshi sana. Kwa miaka mitatu watu wa pwani na watu wa Kongo tulikuwa tukisafiri pamoja bila kula pamoja. Hapakuwa na ugomvi. Palikuwa na haya na mazoea. Watu wa pwani walitabasamu kidogo kwa Kiswahili cha Kivu, na watu wa Kivu walisema kwamba sisi tunazungumza kama redio. Watoto wetu walicheza mpira mmoja, na ukifika wakati wa chakula kila mmoja aliitwa kwao.

Mama mmoja wa Uvira aliyekuwa akitazama msiba wetu kutoka kwenye turubai lao hakungoja kualikwa. Alikuja na vijana wawili wamebeba chungu cha sombe kilichopikwa kwa mawese, na nyuma yao ukaja bugali na sinia la ndakala, ambao sisi huwaita dagaa. Alimwendea moja kwa moja Bi Mkubwa, akapiga goti, akamwita Koko, kama Wakongo wanavyowaita babu na bibi.

"Koko, kula kwanza. Maneno ya nazi tutasema nyuma."

Bi Mkubwa alinawa, akamega, akachovya. "Hiki ni kisamvu," akasema. Akaonja tena. "Kimekosa nazi tu."

"Nazi yenu si ile inaungua kule?" akajibu yule mama.

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Mama huyo alikuwa ameishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kuletwa Texas, na kisamvu cha nazi alikijua vizuri. Alikuwa amemwachia Bi Mkubwa aanze tu. Mikeka ikasogezwa, turubai likahamishwa, na watu wakala pamoja kwa mara ya kwanza. Wali wa juu, ule ambao haukuungua, ulipewa watoto pamoja na maembe, nao wakaumaliza. Baadaye mtu alitueleza kwamba huko Thailand wali wa nazi wenye sukari huliwa hivyo hivyo na maembe, na ni chakula cha kusifiwa. Mchele mmoja, mapishi mbali mbali.

Watu walipokwisha kushiba, Bi Mkubwa alisema maneno ambayo wengi hawakuyatarajia. Hakuyasema kwa hasira. "Mmeniweka kitini kama picha. Kila mtu kanipa shikamoo, hakuna aliyenipa kijiko. Ningeonja, mngekula samaki." Binti yake aliinamisha kichwa, na si yeye peke yake. Katika mikeka ile palikuwa na mabinti na wana wengi waliokuwa na wazee nyumbani, wametunzwa vizuri, wamepumzishwa.

Nazi tano za Hillcroft

Usiku ule wengi wa kaskazini walilala kwa jamaa zao Houston. Asubuhi Bi Mkubwa aliomba apelekwe sokoni, akafuatana na kijana wa Arlington hadi Hillcroft, mtaa wa maduka ya Kihindi ambao tangu mwaka 2010 huitwa rasmi wilaya ya Mahatma Gandhi. Huko hupatikana tambi, iliki, bizari na nazi kavu. Alimfundisha kijana kuitikisa kila nazi karibu na sikio. Isiyo na sauti ya maji haifai, na yenye unyevu au ukungu kwenye macho yake matatu hairudi nyumbani. Wakanunua tano.

Hapakuwa na mbuzi ya kukunia, kwa hiyo nyama ya nazi ilikatwa vipande vidogo na kusagwa kwa mashine ya umeme na maji ya moto, na badala ya kifumbu pakatumika kitambaa safi. Kijana alikamua tui la kwanza, akaambiwa aliweke kando. Akarudishia maji, akakamua la pili, kisha la tatu. Mchuzi huanza na tui jepesi na humalizwa na lile zito, nalo hukorogwa bila kuachwa mpaka lichemke, lisije likakatika. Mchana ule samaki wa kupaka alipatikana kama ilivyokusudiwa, na mama wa Uvira alikuwa miongoni mwa walioalikwa. Makopo matano yaliyosalia hayakutupwa. Bi Mkubwa aliyapikia tambi kwa iliki, bila kuongeza sukari hata chembe, na kila aliyekula alikiri kwamba kopo lile halina kosa likitumwa kazi yake.

Kwa faida ya wote, hasa vijana wanaotumwa dukani, tunaandika hapa mambo mawili. La kwanza, sheria ya Marekani inataka viungo viorodheshwe kwenye kopo kwa kufuata uzito, kile kilicho kingi kikitangulia. Tui halisi huanza na nazi na maji. Ukikuta sukari karibu na mwanzo, hiyo ni shira. La pili, kanuni mpya za lebo zilizotolewa mwaka 2016, na ambazo makampuni makubwa yalianza kubanwa nazo mwaka 2020, zinataka sukari iliyoongezwa itajwe peke yake kwa gramu. Kwenye tui la samaki namba hiyo iwe sifuri. Hiyo ndiyo maana ya tui kusomwa.

Bi Mkubwa amekwisha kurudi Tanga. Kabla ya kuondoka alipika Fort Worth kila Jumamosi, madirisha yakiwa wazi na binti yake amesimama chini ya kengele ya moshi na taulo mkononi. Baada ya kufika kwao alituma mbuzi ya mvule kwa msafiri mmoja, ambaye forodhani aliulizwa kiti kile chenye meno ni cha nini, akajibu kwamba ni cha nazi, akaruhusiwa kupita. Mbuzi hiyo itakuwapo Galveston safari ijayo, Mungu akipenda, chini ya turubai moja. Wazee wote wataketi karibu na majiko, na kila sufuria itaonjwa nao kabla ya kupakuliwa. Anayetaka kujifunza kukuna aje na nazi yake, na aitikise kabla ya kuilipia.